Shikamoo, Injini: Mwongozo wa Kuliamsha Gari la Zamani Penye Baridi

Mwezi wa sita ukishaingia Njombe, mtaa mzima hujua gari la nani linatoka na linatoka saa ngapi. Stata inakoroma mara mbili tatu, injini inashika kwa shida, kisha dizeli inaanza kugonga, ko-ko-ko-ko, moshi mweupe unatanda uani, mkanda wa altaneta unalia kwa sauti nyembamba, na kila aliyelala anafahamu kwamba Hilux ya viazi inakwenda Makambako. Dereva naye ana dawa zake mbili. Anakanyaga mafuta mpaka chini ili mlio "utoke", na ukikataa kutoka anafungulia redio.

Mwongozo huu ni wake, na ni wa kila mwenye gari la miaka ya tisini linalolala nje mahali penye baridi, iwe Makete, Mufindi na Mbeya au kule Limuru na Nyahururu. Ninachotaka ni aache kuuogopa mlio wa asubuhi, na aache pia kuudharau. Injini iliyolala usiku kucha husema ukweli wake wote alfajiri, tena kwa dakika chache tu. Ikishapata moto, mengi hujificha mpaka kesho.

Gari la umri huo ni mzee, na mzee haamshwi kwa kuvutwa blanketi. Hupigiwa hodi, hupewa shikamoo, husubiriwa akae kitako, ndipo anaulizwa habari za safari. Twende kwa mpangilio huo huo.

Kabla ya kugusa ufunguo

Fungua boneti, chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Alfajiri ndiyo saa nzuri ya kupima, kwa kuwa oili yote imeshateremka kwenye sampu, na gari likiwa limeegeshwa pasipo mteremko kijiti hakidanganyi. Oili ikiwa chini ya alama, tafuta kelele nyingine baadaye. Hiyo ya upungufu inatosha kwa leo.

Kisha soma kopo la oili uliyoweka. Kuna namba kama 15W-40 au 20W-50. Ya kwanza inaonyesha inavyotiririka ikiwa ya baridi: ikiwa ndogo, oili inapanda haraka. Ya pili inaonyesha uzito wake injini ikishapata moto, kwenye nyuzi joto 100. Oili ya 20W-50 uliyoshauriwa na mtu wa Dar es Salaam ni oili nzuri, kwa Dar es Salaam. Ipeleke Makete, pembeni ya uwanda wa Kitulo ulio kwenye mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako sakitu huonekana juu ya majani mwezi wa sita na wa saba, uone inavyojivuta. Wakati inajivuta, kamshafti na tapeti kule juu zinasuguana zikiwa na utando mwembamba tu uliobaki tangu jana. Fungua kitabu cha gari. Kikiruhusu 15W-40, tumia hiyo kipupwe chote.

Wapo watakaokuambia uongeze uzito wa oili ili kelele zipungue. Usiwasikilize. Oili nzito huficha kwa muda mlio wa beringi iliyochakaa, na asubuhi huchelewa kuifikia beringi hiyo hiyo. Mshauri wa namna hiyo anatibu masikio yako tu, injini anaiacha na ugonjwa wake.

Na filta ya oili? Hapa nina hasira, na nitaisema. Filta nzuri ina kiwambo cha mpira nyuma ya vile vitundu vyake vya pembezoni. Gari likizimwa, kiwambo hicho huizuia oili isirudi chini. Filta nyingi za bei ya kutupa hazina mpira huo, au zina kipande kigumu kisichoziba kitu. Mwenye gari anaokoa shilingi elfu chache, halafu kila asubuhi njia za oili ziko tupu na injini inapiga krrr kwa sekunde kadhaa mpaka pampu izijaze upya. Injini za petroli zenye cheni badala ya mkanda wa taiming, mfano 1NZ iliyomo kwenye Probox na IST nyingi barabarani, huumbuka zaidi, kwa sababu kifaa kinachokaza cheni hutegemea presha ya oili. Nimeona watu wakiambiwa wanunue cheni mpya kabla ya mtu yeyote kuitazama filta. Siku nyingine ukiwa dukani, chungulia kwenye vitundu na ubonyeze taratibu kwa kijiti kisafi. Ukikuta mpira laini unaorudi mahali pake, lipa. Ukikuta kitu kigumu au uwazi mtupu, mrudishie muuzaji na umweleze sababu, maana huenda naye hajui anachokiuza.

Sasa washa swichi, lakini usipige stata. Kwenye dashibodi ya dizeli za zamani kuna taa ya manjano yenye umbo la waya uliojikunja. Ikiwaka, plagi za hita zinapasha moto vyumba ambamo mafuta yatawakia. Subiri izime. Wenye haraka hawaisubiri, na hapo ndipo kelele nyingi za asubuhi zinapozaliwa.

Sababu yake ni hii. Injini ya dizeli haina cheche. Mjerumani Rudolf Diesel, aliyepata hataza yake mwaka 1893, alijenga kila kitu juu ya jambo moja: hewa ikibanwa sana hupata moto wa kutosha kuyawasha mafuta. Injini za Hilux za familia ya L, yaani 2L, 3L na 5L, huibana hewa mpaka inabaki na sehemu moja kati ya 22 hivi ya nafasi yake ya mwanzo. Lakini alfajiri kuta za silinda ni za baridi na zinalinyonya joto hilo mara tu linapozaliwa. Na huko juu, kwenye mita 2,000 hivi, presha ya hewa imepungua kwa takriban moja ya tano ukilinganisha na Tanga, kwa hiyo hata hewa ya kubanwa ni haba. Mafuta yanapulizwa, yanachelewa kuwaka, yanarundikana kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, kisha yanalipuka yote kwa mkupuo. Ule mlio wa ko-ko-ko ndio huo. Yale yasiyowaka kabisa hutoka nyuma yakiwa moshi mweupe unaowasha macho.

Kwa hiyo dizeli ikigonga asubuhi, halafu ikalainika kadiri injini inavyopata joto, hiyo ni tabia yake na usiiombee dua. Ikitetemeka gari zima, ikaruka mapigo na kumwaga moshi mweupe kwa muda mrefu, kapime plagi za hita. Fundi anafungua kile kipande cha bati kinachoziunganisha, anapima moja moja kwa mita: nzima itaonyesha omu chache au chini ya moja, iliyokufa haionyeshi kitu. Ni kazi ndogo, na plagi nne ni rahisi mno kuliko ovahoo ambayo wengi huanza kuihesabia hela wakishasikia mtetemeko huo.

Nakuomba jambo moja kwa dhati: mtu yeyote asipulize petroli wala etha kwenye bomba la hewa ili "kuisaidia". Plagi za hita zikiwa nyekundu, petroli huwaka kabla ya wakati, pistoni ikiwa bado inapanda. Injini itashika, ndiyo, na shangwe zitapigwa. Ringi zilizokatika utazijua baadaye, oili itakapoanza kuisha bila kuvuja popote.

Stata usiizungushe zaidi ya sekunde kumi kwa mkupuo. Ipumzishe, nayo betri ipumue. Ikipiga tik-tik-tik bila kuzungusha, angalia betri na vichwa vyake kabla hujaita watoto wa jirani waje kusukuma. Kusukuma kwenyewe kuna gharama. Ukiachia klachi kwa kishindo, mkanda wa taiming wa injini hizi unapigwa mshtuko, na ukiwa umechoka unaweza kuruka meno.

Sasa nyamaza

Imewaka. Ondoa mguu kwenye pedeli na uuweke mbali. Kupiga resi wakati huu ni kuvilazimisha vyuma vikimbie kabla oili haijavifikia, na pia ni kuifuta sauti uliyokuwa unahitaji kuisikia. Tazama taa nyekundu ya oili: inapaswa kuzimika baada ya sekunde chache. Isipozimika, zima injini papo hapo, hata kama mnunuzi wa viazi amepiga simu mara ngapi. Ikizimika, zima redio, waombe abiria wakate maongezi, ushuke usikilize.

Swali la kwanza ambalo watu huuliza ni "mlio gani huu?" Mimi ningeuliza: ukipata moto, mlio unapungua au unaongezeka? Jibu la swali hilo linatenganisha yanayoweza kusubiri na yasiyosubiri.

Chukua mlio mzito, mfu, unaosikika kwenye bloku asubuhi na kupotea baada ya kilomita mbili tatu. Mara nyingi hiyo ni pistoni inayoyumba ndani ya silinda. Bloku ni ya chuma cha kusubu, pistoni ni ya alumini, na alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma ikipata moto. Asubuhi pistoni imesinyaa, nafasi ni kubwa, inagonga ukuta; ikitanuka inakaa sawa na kunyamaza. Gari linaweza kuishi miaka na hali hiyo likiendeshwa kwa utaratibu. Kinyume chake ni mlio wa chini kabisa, wa nguvu, unaozidi gari likipanda mlima na oili ikishakuwa nyepesi kwa joto, taa ya oili ikimwekamweka likiwa sailensi, yaani likinguruma bila kukanyagwa mafuta. Hizo ni beringi za konrodi. Gari hilo halifiki Makambako wala gereji ya mtaa wa pili, linavutwa. Likiendeshwa litanoki, na krankshafti iliyokuwa ya kuchonga tu itakuwa ya kutupa.

Kati ya hizo mbili yupo mdanganyifu ambaye amewagharimu watu wengi, naye ni nozeli. Nozeli inayotiririsha mafuta badala ya kuyapuliza hugonga kwa sauti inayofanana sana na ya beringi. Kabla ya kukubali injini ishushwe, mwambie fundi alegeze nati ya bomba la nozeli moja moja, injini ikiwa sailensi. Silinda hiyo itaacha kufanya kazi. Mlio ukipotea kabisa kwenye silinda moja, peleka nozeli zikapimwe kwenye mashine kwanza. Avae miwani na afunike nati kwa kitambaa, mikono ikiwa mbali na mafuta yanayoruka: dizeli yenye presha hiyo hupenya ngozi, na jeraha lake ni la hospitali hata likionekana dogo.

Kule juu utasikia tik-tik-tik nyepesi na ya haraka. Ni nafasi ya valvu. Wenye magari huichukia kwa sababu inasikika, wakati hatari kubwa zaidi ni ile isiyosikika. Valvu ya egzosti ikikosa nafasi haifungi vizuri, haipoi, mwisho inaungua, na njia yote hiyo injini inakuwa tulivu mno. Anayekusifia kwamba "amekaza valvu na sasa haina kelele hata kidogo" muulize amepima kwa fila geji gani na amepata vipimo gani. Mlio mdogo wa tapeti baada ya vipimo sahihi upokee kwa moyo mkunjufu.

Ila tik-tik hiyo inaweza isiwe valvu. Gasketi ya manifoldi ya egzosti ikipasuka, au manifoldi yenyewe ikipata ufa, moshi huchomoka kwa mapigo na kutoa sauti ile ile. Chuma kikitanuka, ufa unajifunga na sauti inakoma. Utaigundua kwa masizi meusi pembeni ya gasketi. Hili usiliache, kwa sababu moshi huo unaingia ndani ya gari mkiwa mmefunga vioo kwa baridi. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Ni ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Kwa hiyo pia usilipashe gari moto ndani ya banda lililofungwa, hata kwa dakika tano, hata kama mvua inanyesha.

Mkanda wa altaneta una adabu ya kujieleza wenyewe. Unalia zaidi asubuhi kwa sababu una unyevu, na pia kwa sababu altaneta inafanya kazi nzito ya kurudisha umeme ambao stata imeutumia. Ule mwembamba wenye mistari ujaribu kwa maji kidogo upande wa mistari, ukikaa mbali na feni, mtandio na mikono ya koti ikiwa imekunjwa. Sauti ikinyamaza kisha ikarudi, puli hazijanyooka. Ikizidi, mkanda umelegea. Sabuni ya kipande anayoisugua konda hutuliza kelele kwa siku moja na kuuacha mkanda ukiteleza.

Mkanda wa taiming, ambao ndio wa kuhofia, haulii. Kwenye Toyota nyingi za dizeli za wakati huo kuna taa yenye maandishi T-BELT, na desturi ni kuubadilisha kila kilomita 100,000. Wengi walishachomoa balbu yake zamani. Ukikatika, valvu hukutana na pistoni. Kama hujui ulibadilishwa lini, ubadilishe mwezi huu.

Ukitaka kujua mlio unatoka wapi hasa, kifaa unacho: bisibisi ndefu. Ncha iweke kwenye chuma, mpini uuweke kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, na usogeze taratibu kutoka kava ya valvu mpaka pembeni ya sampu, kisha altaneta na wota pampu. Mahali mlio unapokuwa mkali ndipo ulipo. Mafundi wazee wamefanya hivi miaka yote, na kijana anayewacheka kwa kuwa ana mashine ya kusoma makosa ajue kwamba 3L haina mahali pa kuichomeka.

Kupasha moto nako kusizidi. Dizeli ikiachwa sailensi nusu saa haipati joto la maana, na mafuta yasiyowaka yanaosha oili kwenye kuta za silinda. Dakika moja au mbili zinatosha; baada ya hapo ondoka polepole, gia ndogo, bila kuibebesha, mpaka sindano ya joto ipande. Kama nyumba yako iko chini ya mlima, usiku uliotangulia lipeleke gari lenye mzigo wa viazi likalale kwenye barabara ya juu, au liegeshe mahali ambapo mita mia za kwanza ni tambarare.

Kwa fundi, gari halina kitu

Tatizo kubwa la mlio wa baridi ni kwamba haufiki gereji. Unaendesha dakika ishirini, unafika saa nne jua limewaka, fundi anasikiliza na kusema, "Mbona haina kitu, bosi?" Unarudi nyumbani ukiwa umelipia sevisi usiyohitaji.

Lilaze gari kwa fundi. Mkubaliane aje mapema, na asiliwashe mpaka nawe ufike. Ikishindikana, rekodi kwa simu: anza kabla ya kupiga stata, taja kwa sauti hali ya hewa na saa, weka simu karibu na kava ya valvu, kisha chini, kisha nyuma kwenye bomba, na uendelee mpaka mlio uishe. Mtumie yote, asikilize kwa spika za masikioni. Na usione haya kuuiga mlio kwa mdomo. "Inafanya ka-ka-ka, halafu ka...ka, halafu inakata" ni maelezo bora kuliko "inapiga kelele tu", kwa kuwa fundi anapata kasi ya mlio ndani yake: unaofuata kila mzunguko wa krankshafti na unaofuata kila mizunguko miwili ni milio ya sehemu tofauti. Mama mmoja muuza mbao aliyeiga vizuri aliwahi kuokoa injini nzima; fundi alisema "nozeli" kabla boneti halijafunguliwa, na kweli ilikuwa nozeli.

Unapokwenda kununua

Yote haya yana thamani kubwa zaidi kwa mtu anayenunua gari la mkononi. Muuzaji anayejua mambo hukukaribisha saa sita mchana. Ukifika, gari limeshawashwa "ili lisikuchoshe", oili ni nzito, injini imetulia, na redio inafanya kazi vizuri ajabu. Kabla hujasalimiana na mtu wa tatu, weka kiganja juu ya boneti, kisha karibu na rejeta, bila kufungua kifuniko chake. Penye uvuguvugu, biashara ya siku hiyo ahirisha. Mwambie muuzaji, kwa heshima zote, kwamba utarudi kesho saa kumi na moja alfajiri, na gari lisiguswe. Atakuambia lina betri dhaifu, atakuambia funguo zinalala kwa shemeji, atakuambia kuna mwingine anakuja na fedha taslimu jioni hii. Mwache huyo mwingine anunue. Ukikubaliwa, nenda na koti, bisibisi ndefu na tochi ya kumulika masizi, na ufike nusu saa kabla ya saa mliyoahidiana.